Nyumba ya Kununua

Katika lugha yetu mtu akisemwa kuwa "amejenga", hiyo ni sifa kamili, wala haulizwi kama alishika tofali kwa mkono wake. Lakini ikisemwa kwamba fulani amenunua nyumba, msikilizaji huuliza papo hapo: Nyumba ya nani? Sisi, wana watano wa mama mmoja, tulinunua nyumba katikati ya mji wa Kibiti mnamo Septemba 2024. Swali hilo tuliulizwa na mama yetu mwenyewe, na ingawa tulikuwa na karatasi zote mkononi, hatukuwa na jibu lililomtosha.

Wanaoandika juu ya utamaduni wa taifa letu aghalabu huanza na ngoma, mashairi, jando na unyago. Nyumba hutajwa mwisho, kana kwamba ni sanduku tu la kuwekea utamaduni. Hatukubaliani sana na mpango huo, na hasa sisi tuliotoka delta ya Rufiji hatuwezi kukubaliana nao. Mto Rufiji huingia baharini kwa midomo mingi, mkabala wa kisiwa cha Mafia, na katikati ya midomo hiyo imesimama misitu ya mikoko yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 50,000, ambayo haina mfano wake katika Afrika Mashariki. Kutoka humo majahazi yalipakia boriti kwa karne nyingi kwenda Unguja, Lamu na nchi za Uarabuni. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za pwani ulitokana na boriti hizo, maana chumba hakikuweza kuzidi urefu wa mti uliobeba dari yake. Basi miti yetu ilijenga nyumba za watu wengine, nyumba za kukaa miaka mia mbili. Wenyewe tulijenga kwa fito na udongo, tukaezeka makuti, kwa sababu tulijua kwamba maji yatakuja, na nyumba ambayo mtu aweza kuijenga upya kwa mwezi mmoja haimlizi sana ikichukuliwa.

Shambani tulikuwa na dungu. Msomaji wa bara huenda asilifahamu: ni kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima hulala, hupika na kuwinga ndege na nguruwe wakati mpunga unapochanua. Masika mto hufurika, na maji yakipungua huacha tope lenye rutuba ambalo mkulima hulipanda mara ya pili. Hicho ndicho kilimo tukiitacho mlau. Kwa hiyo mwaka usiokuwa na maji kabisa uliogopwa kuliko mwaka wa maji mengi. Mtu wa Rufiji alikuwa na nyumba mbili au tatu, na hakuna hata moja aliyoidhania kuwa ya milele.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni na kuwapeleka kwenye miinuko, katika vijiji vilivyopangwa. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia operesheni nyingi za vijiji katika nchi nzima. Mama yetu alikuwa na umri wa miaka minane. Wazazi wake walipewa kiwanja, wakajenga, lakini mashamba yalibaki chini bondeni, na kila msimu walishuka kurudi kwenye madungu yao. Anasema kiwanja kilikuwa kizuri. Jambo analolikumbuka zaidi ni kwamba nyuma ya kiwanja palikuwa na mkwaju mkubwa, na hakuna aliyeweza kumwambia baba yake mkwaju ule ulikuwa wa nani. Walikula ukwaju wake miaka kumi na miwili bila raha. Habari hiyo tulikuwa tumeisikia mara nyingi tangu utotoni, lakini hatukuitilia maanani mpaka tuliponunua nyumba.

Mama aliolewa deltani, pande za Mbuchi, na huko ndiko tulikozaliwa. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya mvua kubwa za msimu ule, maji yalifunika mashamba na vijiji vingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mpunga wetu ulikwenda wote. Nyumba ilikwenda ukuta mmoja baada ya mwingine, kwa siku tatu, na mama akalala darasani pamoja na majirani zake kwa muda wa wiki mbili. Watu walibishana sana juu ya sababu za maji yale. Mama hakutia neno, isipokuwa alisema kwamba maji hayo hayakuja kwa mwendo aujuao. Maneno hayo yalitutia hofu, kwani yeye alikuwa ameyajua maji maisha yake yote. Tukakutana, tukaafikiana kwamba safari hii hatutamjengea tena deltani. Tutamnunulia nyumba mjini, tena katikati ya mji, karibu na hospitali, soko na msikiti.

Yatupasa kusema machache kuhusu mji huo. Kibiti imekaa juu ya barabara ya kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kungojea. Mto ukijaa, kivuko cha Ndundu kilisimama, na malori yalilala barabarani siku kadhaa. Madereva wakala, wakalala, wakaacha fedha. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, na baadaye lami ikaendelea kusini. Mji uliokuwa ukiishi kwa kungojewa ukaanza kupitwa kwa mwendo wa kasi. Halafu, katikati ya miaka ya 2010, Kibiti ilikatwa kutoka Rufiji ikawa wilaya, na wananchi waliokuwa wakisafiri hadi Utete kwa shughuli za ofisi wakapata ofisi zao karibu.

Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa miaka ya hofu. Kati ya 2015 na 2017 waliuawa askari, viongozi wa vijiji na raia wa kawaida katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mwezi wa Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Wapo watu waliotoka majumbani mwao na hawakuonekana tena. Mjini milango ya maduka ilifungwa kabla ya jua kuchwa, pikipiki zikakatazwa kubeba abiria usiku, na familia nyingi zikatia kufuli nyumba zao zikahamia Mbagala na kwingineko. Aliyepita Kibiti saa moja ya usiku katika mwaka ule aliona nyumba za katikati ya mji zimekaa giza, barazani hakuna mtu.

Leo giza hilo halipo. Taa zinawaka, wauza chipsi wamepanga majiko yao kando ya barabara, nyumba za wageni zimepakwa rangi, na mbele ya nyumba nyingi za zamani zimejengwa fremu za maduka. Dalali aliyetutembeza alipenda sana kusema kwamba mji umefufuka, na bei ya kila nyumba aliitaja kwa kuanzia na neno hilo.

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa ni ile nyumba ya Kiswahili ambayo kila mtu wa pwani anaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Kuta zilikuwa za matofali, bati limeanza kutu, na uani palikuwa na mwembe mkubwa wa dodo. Namna hii ya nyumba ndiyo iliyoijaza Kariakoo kabla ya kung'olewa na maghorofa, na ndiyo iliyowakalisha pamoja watu wa makabila mbalimbali, kila familia chumba chake na wote ukumbi mmoja. Dalali hakuona hivyo. Alitushauri tubomoe baraza tupate fremu mbili, na tukate mwembe tujenge vyumba vinne vya kupangisha, ili nyumba ijilipe yenyewe kwa miaka sita. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mmoja wetu aliinakili katika daftari.

Bei aliyotaja ni shilingi milioni 25. Tukashuka hadi milioni 21. Fedha zilitoka katika akiba zetu watano, katika mkopo wa mshahara wa ndugu yetu aliye mwalimu, na katika mashine ya boti tuliyoiuza. Tuliona ni vema tufuate taratibu zote, kwa kuwa tumesikia habari za nyumba moja kuuzwa kwa watu watatu. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Hiyo haikubadilika hata Sheria ya Ardhi ilipotungwa upya mwaka 1999. Kwa hiyo anayeuza huuza haki ya kutumia ardhi pamoja na alichokiendeleza juu yake. Wazee wanakumbuka pia mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, na pengine ndiyo sababu baadhi yao mpaka leo humwangalia mwenye nyumba ya vyumba vingi kwa jicho la kumhurumia.

Muuzaji alikuwa kijana, msimamizi wa mirathi ya baba yake aliyefariki mwaka 2021. Alituonyesha barua ya Mahakama ya Mwanzo, na dada zake wawili wakaja kutia sahihi. Kama baba angekuwa hai tungedai ridhaa ya mke wake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja kwa siri ya mwenziwe. Lakini mama yao naye alikuwa ametangulia. Majirani wa pande zote nne waliitwa, wakapita nasi mipakani. Mkataba ukaandikwa na mwanasheria, ukagongwa muhuri, mashahidi wakatia sahihi na mmoja akatia dole gumba. Tulirudi tukiwa na furaha ya watu ambao hawakuacha tundu lolote.

Mama aliingia katika nyumba yake siku ya Jumamosi. Alikagua vyumba vyote, akasifu ukumbi, akafagia ua. Jioni akatoa mkeka, akatandika barazani, akasema atalala hapo. Tulidhani anapenda upepo. Usiku wa pili akalala tena barazani, na wa tatu vile vile, mpaka tukaona haya mbele ya watu, kwamba tumemnunulia mama nyumba ya milioni 21 naye analala nje kama mpita njia. Tulipomuuliza akajibu kwa kutuuliza:

"Huo mwembe ni wa nani?"

Tukamwambia ni wake, kwa kuwa umo ndani ya mipaka. Mmoja wetu akamweleza kwamba sheria inahesabu majengo na vitu vinavyoota juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Mama akasikiliza kwa adabu.

"Mimi nimefagia chini yake siku tatu," akasema. "Kila jirani anayepita ananiambia, 'Naona unafagia mwembe wa shangazi.' Shangazi ni nani, na mbona hamkumleta kwenye karatasi zenu?"

Hapa msomaji akumbuke kwamba katika pwani yetu, na hasa Mafia, mti ni mali peke yake. Mtu aweza kuwa na minazi katika shamba ambalo si lake. Aweza kuirithi, kuiuza au kuiweka rehani, na mwenye ardhi asiweze kuiangusha. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Desturi hii imewachosha mahakimu tangu enzi za wakoloni, nasi watoto tuliosoma tulikuwa tumeihesabu kuwa ni mambo ya kale. Tukampigia simu kijana aliyetuuzia. Hakukana. Alisema mwembe ulipandwa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye aliishi katika nyumba ile miaka mingi baada ya kuachika, akahama mwaka 2017. Hakumtaja kwa sababu si mrithi; na kweli, katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume humzuia dada wa marehemu. Karatasi zake zote zilikuwa safi. Yeye mwenyewe hakuwa mdanganyifu.

Basi mwezi wa Oktoba tulipanda basi pamoja na mama hadi Mbagala. Shangazi alikuwa amepanga chumba kimoja pamoja na binti yake, anapika vitumbua asubuhi. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba bila kutuuliza tumetoka wapi. Mama akaweka chini kapu la mchele alilolichukua.

"Dada yangu," akasema, "sisi ndio tulionunua nyumba ya kaka yako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimekuja kwa habari ya mwembe."

Yule mama mkubwa alikaa kimya kitambo. "Nani aliyekwambia kwamba mwembe ni wangu?"

"Kibiti nzima."

"Kumbe wananikumbuka," akasema.

Sisi tulikuwa tumejiandaa. Tulikuwa na shilingi laki tatu katika bahasha, kama fidia ya mti, tukaitoa kwa heshima. Hakuigusa. Alituambia kwamba mwembe ule aliupanda mwaka 1994, siku ya saba baada ya kujifungua mwanawe wa pekee wa kiume, na kitovu cha mtoto kilizikwa pale. Kijana alikuwa na miaka 23 alipotoka jioni moja ya mwezi wa Juni 2017, akasema anakwenda kumwona rafiki yake, na tangu hapo hakurudi wala haikupatikana habari yake. Shangazi aliulizia kila mahali mtu awezapo kuulizia. Miezi mitatu baadaye kaka yake alimhamisha kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa hali wala halali, na nyumba ikatiwa kufuli.

"Yeye hajui kwamba mimi niko Mbagala," akasema. "Akirudi atakwenda pale. Hatapita mlango wa mbele, hakuwa na mazoea hayo. Atazunguka nyuma, apitie chini ya mwembe. Sasa mkiukata, akifika atajuaje kwamba amefika? Na akikuta watu asiowajua, nani atamwambia nilipo?"

Katika chumba kile hakuna aliyekuwa na neno. Tulikuwa tumekuja kulipa deni la desturi, deni ambalo twaweza kulieleza vizuri katika insha, na fedha tulizozileta zilikuwa hazina mahali pa kuwekwa. Binti yake akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Mama akasogea mpaka akakaa naye mkeka mmoja.

"Mimi sina pa kwenda," akamwambia. "Kwangu kumechukuliwa na maji. Nitakuwapo."

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kalamu. Tuliandika ukurasa mmoja wa kuongeza kwenye mkataba: kwamba mwembe wa uani haumo katika mauzo, kwamba hautakatwa maadamu mwenyewe yu hai, kwamba maembe yake ni ya mwenyewe, naye atawapa wakazi wa nyumba apendacho, na kwamba njia ya kupita nyuma itaachwa wazi. Mwanasheria alisema ukurasa huo una kasoro kadhaa. Tulimwomba aupige muhuri hivyo hivyo.

Haitakuwa kweli tukisema kwamba sote tuliridhika. Yule ndugu yetu aliyenakili hesabu ya dalali mpaka leo anashikilia kwamba tumelipa bei ya nyumba nzima tukapewa nyumba kasoro ua, na kwamba mkopo wa mwalimu ungekuwa umekwisha kama vile vyumba vinne vingejengwa. Hatuna hoja ya kumshinda kwa hesabu. Tumekubaliana kujenga fremu moja mbele, upande wa kushoto, na kuliacha baraza upande wa kulia, mahali mama apendapo kukaa baada ya sala ya alasiri. Kodi ya fremu inakwenda kwenye mkopo.

Mwezi wa Desemba shangazi alikuja kuchuma maembe yake. Alilala siku mbili, chumba cha mwisho kulia, ambacho zamani kilikuwa chake. Majirani walijaa uani, na wengine walilia. Alijaza magunia matatu, akaacha moja. Kabla ya kupanda basi alimwambia mama ampe kipande cha mkaa, kwa kuwa mama hajui kuandika na karatasi hupotea. Akaandika namba yake ya simu juu ya mlango wa nyuma, kwa tarakimu kubwa, kwa upande wa nje. Masika haya mvua ilifuta tarakimu mbili za mwisho. Mama alimwita mtoto wa jirani azikoleze upya, na safari hii kwa rangi ya mafuta.